Fundi, Macho Toa Bure, Orodha Uza

Mwashi wa Mgogoni, Pemba, huanza kazi kabla hajapewa kazi. Anaitwa baada ya alasiri, anazungushwa kiwanja, anaulizwa "itakula kiasi gani?", kisha anakaa barazani na kalamu mpaka magharibi inaadhiniwa. Anaandika matofali, saruji, nondo, mbao, mabati, mpaka misumari. Anaacha karatasi, anapewa ahsante na kikombe cha chai. Wiki mbili baadaye anapita njia ile ile, anamkuta fundi mwengine amesimama juu ya msingi, na mkononi ana karatasi yenye mwandiko ambao yeye anaujua vizuri sana.

Hapo hakuna aliyeibiwa. Karatasi ilitolewa kwa hiari, na mteja alifanya ambalo mtu yeyote mwenye pesa ya kuungaunga angelifanya: alichukua hesabu ya fundi makini akampelekea fundi rahisi. Kulalamika barazani kwamba watu hawana shukrani hakumsaidii mtu. Linalosaidia ni kujua nini utoe bure na nini uuze. Kuja kuangalia kiwanja kuwe bure. Makisio ya jumla yawe bure. Orodha kamili ya vifaa, yenye idadi na vipimo, ilipiwe. Mafundi wengi nikiwaambia hivi wanakubali, kisha wanauliza swali la haki: utamwambiaje mtu ambaye ni jamaa yako, au mnasimama safu moja mskitini? Nitafika hapo, lakini nianze na kiwanja.

Kuangalia kuwe bure kwa sababu kunakufaa wewe kuliko mteja. Ardhi ya Pemba ni vilima na mabonde, na kiwanja kinachoonekana kimelala kwa macho mara nyingi hakijalala. Nenda na mpira wa maji na tepu, usiende na mikono mitupu. Tuseme nyumba ni futi 30 kwa 30 na ardhi inashuka futi 2 kutoka mbele hadi nyuma. Ukuta wa nyuma umeongezeka futi za mraba 60. Kuta mbili za ubavuni, ambazo zinaanza na sifuri mbele na kuishia na futi mbili nyuma, zimeongezeka 30 kila mmoja. Jumla 120. Kwa tofali la inchi 18 kwa 9 hayo ni karibu matofali 100 ya ziada, na bado hujagusa kuta za ndani. Halafu kuna kifusi. Ili sakafu ikae sawa lazima ujaze futi za ujazo 900, yaani zaidi ya mita za ujazo 25, na hizo ni malori kadhaa. Fundi aliyetoa bei kwa simu hakuliona hata moja kati ya hayo. Ndiyo maana bei yake ilikuwa tamu.

Ukishapima mteremko, zunguka ukiuliza. Lori linaishia wapi? Kutoka Wete au Chake mpaka ukingo wa lami nauli inajulikana. Kutoka lami mpaka kiwanjani ndipo hesabu nyingi zinapovunjika, maana hapo panataka gari la ng'ombe au vijana wa kubeba, na masika gari la ng'ombe lenyewe linakwama. Maji yanatoka wapi, na nani anayalipia? Kuna mkarafuu ndani ya kiwanja? Mkarafuu haukatwi kwa kuwa mwenye kiwanja ametaka, sheria ya Zanzibar inataka kibali kwanza, na fundi aliyeanza kupanga msingi kabla ya kuuliza atakaa siku nyingi akiutazama mti. Uliza pia, kwa adabu, kiwanja ni cha nani. Shamba la urithi lenye ndugu saba linaweza kusimamisha ujenzi katikati ya kuta, na ujira wako ukasimama nao. Huna haja ya kuona hati, sema tu, "Mpaka wa huku tumeshakubaliana na jirani? Sheha anaujua?" Jibu litakuja usoni kabla halijaja mdomoni.

Kisha toa karatasi yako ya bure. Nusu ukurasa inatosha. Andika tarehe, jina la mwenye nyumba, ukubwa wa jengo, ulichokiona kiwanjani (mteremko futi 2, lori halifiki, maji ya kisima), halafu makisio kwa hatua: msingi mpaka jamvi, kuta mpaka linta, kupaua, kumalizia. Kila hatua unayoweza kuikisia iwe na kima cha chini na kima cha juu.

Kwa nini kwa hatua? Kwa sababu hivyo ndivyo watu wanavyojenga. Pesa ya karafuu ikitoka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, msingi unachimbwa. Kijana aliyeko Muscat akituma, kuta zinapanda. Msimu ukiwa mbaya, matofali yanakaa uani mwaka mzima yakiota kuvu. Mteja wa namna hii ukimpa jumla moja kubwa ya nyumba nzima unamtisha bure, na wewe unajifunga kwa bei ya milango itakayonunuliwa miaka mitatu ijayo. Kwa hatua ya kwanza, ambayo umeikagua kwa macho na kwa mpira wa maji, pengo la asilimia 15 kila upande ni la kweli. Kwa kuta na paa lipanue. Kwa kumalizia, ambako mteja mwenyewe bado hajui kama anataka vigae au sakafu ya saruji, andika tu "haijakisiwa". Pengo lakini lisiwe la aibu: anayesema kati ya milioni mbili na milioni tano hajasema kitu.

Makisio hayo ya haraka hayatoki kichwani, yanatoka katika daftari. Kila kazi unayomaliza andika ukubwa wa jengo, vifaa vilivyotumika kweli, siku za fundi, siku za saidia fundi. Ukiwa na kazi tano sita humo, utaweza kusimama kwenye kiwanja chochote na kusema msingi wa ukubwa huu ulikula kiasi gani mara ya mwisho. Asiye na daftari atakisia kwa hofu, atapandisha, au kwa njaa, atashusha.

Sasa lile la kusema. Mzee ameshaipokea nusu karatasi, ameisoma, ameridhika, halafu anasema, "Mwanangu, basi niandikie vitu vyote kimoja kimoja, nianze kununua kidogo kidogo." Jibu lako liwe tayari:

"Sawa ami. Kuja kuangalia ni bure, na makisio hayo ni yako, huyalipii. Orodha ya vitu vyote naipiga nyumbani, ni kazi ya siku nzima, na utanipa ujira wa siku moja. Ukinipa kazi, pesa hiyo naikata katika ufundi. Usiponipa, orodha ni yako, mpe fundi unayemtaka."

Usiubadilishe mpangilio. Kwanza unataja ulichokwisha kumpa bure, ili asidhani umeanza na kudai. Kisha unataja kazi na bei yake kwa kipimo anachokijua, siku moja ya mwashi. Kisha unamwambia pesa hiyo itarudi kwake. Na sentensi ya mwisho, ambayo mafundi wengi wanaiogopa, ndiyo inayomaliza ugomvi kabla haujaanza: umemruhusu aende nayo popote, na hutakuwa na sababu ya kununa ukimuona mwengine anaitumia, maana umelipwa. Lakini jambo hili lisiwe geni kwake: siku ya kuangalia, kabla hujakunjua tepu, mdokezee kwamba orodha kamili hulipiwa. Ukilisema mara ya kwanza baada ya chai litasikika kama umebadilika.

Kiasi chenyewe kisiwe asilimia ya gharama ya nyumba. Mteja ataona kila tofali unaloongeza linaongeza mfuko wako. Ujira wa siku moja kwa chumba au banda la uani, siku mbili kwa nyumba nzima, basi. Atakayekataa, mwachie nusu karatasi na muagane kwa wema. Huyo anayeona taabu kulipa siku moja ili ajue jengo lake litakula nini, mara nyingi ndiye yule yule ambaye siku ya kulipa ufundi anakuambia urudi Ijumaa.

Ukishauza orodha, iwe orodha kweli. Chukua chumba cha nje cha futi 12 kwa 12, kimo cha kuta futi 10, mlango mmoja wa futi 3 kwa 7 na dirisha moja la futi 4 kwa 4. Kuta nne ni futi za mraba 480. Toa mlango 21 na dirisha 16, zinabaki 443. Tofali la inchi 18 kwa 9 lina futi za mraba 1.125, na wengi hugawa hapo hapo wakapata 394. Lakini tofali ukutani halikai peke yake; lina nusu inchi ya udongo ubavuni na nusu inchi nyengine juu. Kwa hesabu hiyo tofali moja linachukua futi za mraba 1.22, na jibu ni 363. Ongeza asilimia 5 ya yatakayovunjika njiani na mikononi, unapata 381. (Wazee wanaogawa kwa 1.125 hawaongezi chochote kwa kuvunjika, na bado hawaishiwi: yale matofali 31 wasiyoyajua ndiyo yanayowalinda. Lakini fundi anayegawa kwa 1.125 halafu akaongeza na asilimia 10 juu yake, huyo anamnunulia mteja ukuta wa jirani.)

Andika njia yote hiyo, usiandike jibu peke yake. Mteja akija baada ya wiki kusema dirisha liwe futi 6 kwa 4, utaonyesha kwa kidole mstari gani umebadilika, na hamtabishana.

Nondo nazo zina mtego wake. Mkanda wa linta wa chumba hicho una futi 48 kuzunguka. Nondo nne za milimita 12 ni futi 192. Nondo moja ya mita 12 ina futi 39 na kidogo, kwa hiyo ukigawa unapata chini ya 5, na mteja atanunua 5. Siku ya kusuka itapungua, kwa sababu kila panapounganishwa nondo mbili zinapishana kama futi 2, na kwenye pembe zinakunjwa. Andika 6. Andika pia ringi na waya wa kufungia, maana hivyo ndivyo vinavyosahauliwa na ndivyo vinavyomrudisha mtu mjini siku ya kazi, akalipa nauli kubwa kuliko kitu chenyewe.

Kuhusu saruji, mfuko wa kilo 50 unajenga matofali mangapi? Usichukue namba ya mtu mwengine. Mchanganyiko wako, mkono wa saidia fundi wako na unene wa udongo wako ndivyo vinavyoamua. Hesabu mifuko mitupu mwisho wa kila kazi, andika katika lile daftari, na baada ya kazi chache utakuwa na namba yako mwenyewe. Bati vile vile: usihesabu upana lililonao dukani, hesabu upana unaobaki baada ya kupishana.

Mchanga usiuandike kwa "gari". Magari hayalingani, na anayejaza halingani na jana yake. Andika kwa ujazo, kisha mteja aulize gari lile linabeba kiasi gani. Na mwambie aanze na mchanga mapema. Zanzibar mchanga ni maliasili isiyorejesheka, uchimbaji wake unasimamiwa na serikali na unataka kibali, kwa hiyo si kitu cha kwenda kukichota asubuhi ya kujenga.

Kila bei iwe na jina la mji na tarehe: "saruji, bei ya Chake, tarehe fulani". Saruji inavuka bahari kuja Pemba, na bei ya wiki hii inaweza isiwe ya wiki ijayo. Chini ya ukurasa andika kwamba bei hizi ni za siku 14, na idadi hazibadiliki isipokuwa mteja akibadilisha jengo. Tofauti hiyo ni muhimu: idadi ni dhamana yako wewe, bei ni ya muuza duka. Na kama duka linakupa chochote kwa kuwapeleka wateja, mwambie mteja. Chake ni mji mdogo, atajua tu.

Kisha mstari ambao kwangu mimi una thamani kuliko yote: "Visivyomo katika hesabu hii." Usafiri kutoka lami hadi kiwanjani, maji, kukata na kung'oa visiki, shimo la choo, umeme, chai ya mafundi ya saa nne na chakula cha mchana kama mwenye nyumba hataki kupika. Ugomvi mwingi wa ujenzi vijijini hautokani na kilichoandikwa vibaya. Unatokana na kitu ambacho kila upande ulidhani mwenzake anakijua.

Mteja aliye mbali anataka utaratibu wake. Sauti inaingia kwenye WhatsApp usiku kutoka Muscat: "Fundi, nataka nyumba ya vyumba vitatu hapo kwa mama, nipigie hesabu nitume pesa." Usijibu kwa namba. Jibu kwa maswali: kiwanja kipi, ramani ipo, nani atakuonyesha mpaka. Nenda kaangalie, piga picha ya mpira wa maji pembe kwa pembe, tuma nusu karatasi. Orodha kamili usiipige picha ukaituma kabla ya ujira wako kufika kwa pesa ya simu, kwa sababu picha hiyo dakika ile ile itasambazwa kwa mafundi watano. Ikishalipiwa, tuma nakala mbili: moja kwa mwenye nyumba, moja kwa anayesimamia pale nyumbani, na kila mmoja ajue kuwa mwenzake anayo. Mara nyingi mzozo wa nyumba za walioko nje si wa fundi na mwenye nyumba. Ni wa mwenye nyumba na mpwa aliyepewa kununua saruji, na fundi anaingizwa kati kama shahidi. Orodha iliyoko mikononi mwa wote wawili inakutoa hapo.

Hayo ya bure au kulipia si tatizo la Pemba peke yake. Ujerumani wameyaandika katika Sheria yao ya Kiraia: kifungu cha 632 kinasema makisio ya gharama, kukiwa na shaka, hayalipiwi. Maana yake fundi anayetaka kulipwa kwa makisio lazima awe amekubaliana na mteja kabla. Kifungu cha 649 kinamtaka fundi anayeona kazi itazidi makisio kwa kiasi kikubwa amjulishe mteja bila kuchelewa. Mteja wa Mgogoni hahitaji kifungu. Lakini mambo mawili hayo, kusema mapema kuhusu malipo na kusema mapema kuhusu kuzidi, ndiyo yanayotenganisha fundi anayeitwa tena na yule anayeitwa mara moja.

Kuzidi kutatokea. Umechimba pembe tatu ukakuta ardhi ngumu, ya nne ukakuta udongo laini unaoteleza. Usiendelee kuchimba ukitegemea utamwambia mwisho. Simamisha pembe hiyo, endelea na nyengine. Piga picha ya shimo likiwa na tepu ndani, inayosomeka. Piga hesabu ya nyongeza peke yake katika karatasi yake: kina kimeongezeka futi ngapi, kozi ngapi, matofali mangapi, mifuko mingapi, siku ngapi za ufundi. Mpe mwenye nyumba, mngoje aseme ndiyo, na jibu lake liandikwe chini ya karatasi hiyo. Akiwa mbali, ujumbe wake wa simu uhifadhi. Karatasi ya nyongeza haichukui nafasi ya ile ya kwanza, inaambatanishwa nayo, ili mwisho wa kazi mtu aweze kuona nyumba ilianzia wapi na kila shilingi iliyoongezeka iliingia wapi. Kazi kubwa ya nyumba nzima, na hasa mnapokubaliana kwa mkataba badala ya kwa siku, wekeni nakala mbele ya sheha. Hamfanyi hivyo kwa sababu hamuaminiani. Mnafanya kwa sababu nyumba za hatua huchukua miaka, na mmoja wenu anaweza kuwa hayupo.

Imebaki habari ya jamaa. Mama yako mzazi, ami aliyekulea, mskiti wa kijijini, skuli inayojengwa kwa nguvu za wananchi: hao usiwatoze. Lakini orodha iandike ile ile, kwa njia zake zote na visivyomo vyake vyote, maana kazi ya bure iliyopigwa hesabu vibaya inawagharimu sawasawa na ya kulipia. Na pale chini, kwenye mstari wa ujira wa hesabu, andika kiasi kamili kama ungemuandikia mgeni, kisha kikate kwa mstari mmoja na uandike pembeni "nimesamehe". Binamu atakayeiona karatasi hiyo na kuja kuomba yake wiki ijayo ataijua bei kabla hajapiga hodi.